Mawimbi Niliyoyasoma Msambweni

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, Mama Nyambura, niliyekuwa nikiuza maharagwe na njahi soko la Jericho. Nyambura, binti yangu wa kwanza, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu akisomea hesabu. Marehemu Rosalia, Mama Atieno wa Kaloleni, ambaye meza yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, ilipakana na yangu miaka kumi na minne, tena ndiye aliyemsimamia Nyambura kanisani siku ya kipaimara. Bi Mwanakombo wa Msambweni, mjane wa mwalimu, aliyetulaza kwake. Na Daktari Ogutu, mwalimu wa Nyambura, ambaye hakusafiri nasi lakini ndiye aliyetutuma. Baba Nyambura simhesabu kwa sababu alibaki nyumbani na wadogo, ingawa bila yeye mimi nisingeenda.

Nyinyi wenzangu wa jumuiya mliniuliza wiki ile niliporudi, tena mkaja na chai, mkitaka kusikia. Nikawaambia bahari ni kubwa na wali wa nazi ni mtamu, nikanyamaza. Sikuwadanganya, ila nilikata maneno. Baadaye niliona aibu kuyarudia. Sasa wengi mmehama, wengine mko Ruiru, wengine mmerudi mashambani, na mkinipigia simu bado mnauliza. Nimeona niandike yote wakati majina yangali kichwani. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute nukta zimekaa wapi.

Jericho, kabla ya kuondoka

Miaka ile ya mwanzo wa themanini, kompyuta ya chuo ilikuwa kubwa kama chumba na ilikaa kwenye chumba chake chenye baridi. Mwanafunzi haigusi. Nyambura aliandika hesabu zake kwenye kadi ngumu zenye matundu, kadi moja mstari mmoja, akapeleka sanduku zima dirishani, kesho yake akarudi kuchukua jibu lililochapwa kwenye karatasi pana yenye milia ya kijani. Jibu likiwa baya, karatasi ile ilikuja kwangu. Nimefungia watu wa Jericho maharagwe kwa karatasi za mawimbi mpaka mmoja akaniuliza kama nina ndugu serikalini.

Jioni moja nilimwuliza hasa anafanya nini. Alivuta kitambaa changu cha kufuma kilichokuwa mgongoni mwa kochi, akakitandaza mezani.

"Mami, hii ni bahari. Kila kijumba hapa ni kipande cha maji. Hiki kina chake ni mita hamsini, hiki ishirini, hiki cha ufukweni mita tatu. Upepo unakisukuma kijumba cha mbali, nacho kinampa jirani yake, jirani anampa jirani, mpaka pwani."

"Kama habari ya mtu aliyefukuzwa kazi," Rosalia akasema. Alikuwa amekuja kuazima kiberiti akakaa saa mbili, kama kawaida yake. "Inaanzia nyumba ya kona, ikifika kwangu imeshakua."

"Hapo umeelewa kabisa, Mama Atieno! Maji yakipungua kina, wimbi linapunguza mwendo, linainuka. Kisha linavunjika."

"Sasa kama mnajua yote hayo," nikauliza, "mnatafuta nini tena?"

"Kompyuta inaniambia wimbi litakuwa na kimo fulani. Mimi sijui kama inasema kweli. Lazima mtu akae pale ayatazame yenyewe, ayaandike moja moja, halafu tulinganishe."

Shida ilikuwa hapo. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda ng'ambo kusomea mambo hayo ya mawimbi. Daktari Ogutu alikuwa amemwambia wazi: mawimbi ya kompyuta yakilingana na ya baharini kabla muhula haujafungwa, nafasi ni yake. Yasipolingana itakwenda kwa mwingine, naye atafute shule ya kufundisha. Kufundisha si kubaya. Lakini nilimtazama anavyokipapasa kile kitambaa, nikajua huyu ameshaondoka nyumbani, amebaki miguu tu.

Wenzake wawili waliokuwa waende naye walipata vibarua vya likizo, wakamwacha. Baba Nyambura akasema, "Msichana haendi Pwani peke yake kutazama maji."

"Ataenda na mimi," nikasema.

"Wewe unajua nini juu ya maji?"

"Na wewe unajua nini juu ya wasichana?"

Rosalia alipiga makofi. "Basi mimi wa tatu! Nimezaliwa Kendu Bay, kando ya ziwa, nimeoga kwenye mawimbi kabla sijaota meno. Mtakwenda huko bila mtu anayejua wimbi?"

Jericho hadi Mtito Andei

Tulipanda basi la asubuhi stendi ya Machakos, ile ya mabasi ya mbali. Nyambura alibeba darubini na chombo cha kupimia upepo, chenye vikombe vinne juu vinavyozunguka. Mimi nilibeba gunia dogo la maharagwe, kwa sababu huwezi kwenda kulala kwa mtu mikono mitupu. Manamba mmoja, kijana wa kupakia abiria, aliona vile vikombe.

"Mathe, hiyo mashini ni ya kupiga mayai?"

"Ni ya kupima upepo wa midomo kama yako," Rosalia akamjibu, "na imeshajaa."

Stendi nzima ilicheka, na yule kijana ndiye aliyetupandishia mizigo.

Mtito Andei basi lilikufa. Mkanda wa injini ulikatika, na dereva, Mwangangi, akadandia lori kwenda kutafuta mwingine. Kondakta Musyoka alituambia ni nusu saa. Zilikuwa saa tano. Jua la pale halina huruma. Nyambura, badala ya kukaa kivulini kama watu, akatoa chombo chake, akasimama kando ya barabara akiandika upepo kwenye daftari. Watu wakamzunguka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha, aliitwa Kalekye, akamsogelea kwa adabu kabisa.

"Mwanangu, hiyo inasema mvua itakuja lini?"

"Haijui mvua, mama. Inajua upepo tu."

"Upepo!" Kalekye akageukia wenzake. "Tumelia mvua miaka miwili, wametuletea mashine ya upepo. Upepo tunao, tuwauzie!"

Nyambura aliona haya. Lakini hakuacha. Alimweleza yule mama kitu kilekile alichonieleza mimi, kwa vijumba alivyochora mchangani, na Kalekye akachuchumaa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ambayo hata mimi sikuyafikiria. Kisha akatupa mahindi matatu na chumvi kwenye karatasi, akakataa tulipe. "Ukishajua maji yanavyokwenda," akamwambia, "uyaambie yapite na huku." Nikimkumbuka Nyambura wa siku zile, humkumbuka hivyo, nywele zimejaa vumbi la barabara na vikombe vinamzungukia mkononi.

Mtito Andei hadi Likoni

Tulifika Mombasa jua limeshazama, tukalala Changamwe, nyumba za reli, kwa binamu yake Rosalia aliyeitwa Okeyo. Alitupikia ugali na samaki, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Rosalia kuona ugali kwa siku nyingi, kama atakavyowaambia, yaani kama alivyokuwa akiwaambia.

Asubuhi tulifika kivuko cha Likoni. Feri ilikuwa imeharibika moja, watu wamejaa, tukangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Rosalia muda wote alikuwa akitufundisha: wimbi la ziwani linakuja hivi, mtu husimama vile. Feri ilipoondoka, ikatikisika kidogo tu, hata kikapu hakikuanguka. Nilisikia mkono umenishika shingo.

"Mama Nyambura. Hii kitu inasonga."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Ziwa letu halina tabia hii."

Alisali rozari mafungu mawili kabla hatujagusa ng'ambo, na kule kuvuka ni dakika chache tu. Nyambura alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la maharagwe.

Msambweni

Nyumba ya Bi Mwanakombo ilitazama bahari. Wafula, fundi wa chuo, alikuwa ametangulia mwezi mmoja nyuma, akasimika nguzo majini ndani ya mwamba, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe, mstari kila sentimita kumi, na namba kubwa. Ndiye aliyetuombea kwa huyu mama. Bi Mwanakombo alitupokea vizuri, akatupa maji ya madafu, lakini nilihisi kitu hakijakaa. Watoto wa jirani walitupitia wakasema "Shikamoo," nami nikajibu "Mzuri sana," wakaenda wakianguka kwa kicheko. Siku ya pili aliponiletea mahamri na mbaazi, akakaa.

"Mwenzangu, niambie ukweli. Ni hoteli?"

"Hoteli gani?"

"Watu wakija na mti wa rangi, mwaka wa pili pana ukuta. Mwaka wa tatu tunaulizwa tunapita wapi."

Niliapa kwamba sisi ni watu wa Jericho, hata nyumba tunazokaa ni za baraza la mji. Hakuniamini. Ndipo nikafungua gunia, nikachukua gorogoro, lile kopo langu la kupimia ambalo nilikuwa nimelitia humo bila hata kufikiri, nikampimia maharagwe. Nikajaza, nikaweka kilima juu, nikaongeza konzi moja ya watoto. Maharagwe yakamwagika mkekani.

"Mbona yanamwagika?" akauliza.

"Ndivyo tunavyopima kwetu."

Akaniangalia, akaanza kucheka. "Mwenye hoteli hapimi hivi," akasema. Toka hapo tukawa marafiki.

Na alitusaidia sana. Nyambura alikuwa na kina cha kila kijumba kutoka kwenye ramani. Bi Mwanakombo akamwuliza, "Kina cha maji ya bamvua au cha maji mafu?" maana siku za bamvua maji hujaa kabisa kisha yakatoka mpaka mwamba ukawa kama ua mkavu, na siku za maji mafu hayapandi sana wala hayashuki sana. Nyambura alijua habari ya kujaa na kupwa, lakini alikuwa ameipangia kompyuta kitu kimoja kwa siku zote kumi na mbili. Walikaa wawili barazani mchana mzima, yule mama akimtajia kila siku ya mwezi maji yanafika jiwe gani, binti yangu akiandika. Kadi nyingi ziliandikwa upya kwa sababu ya mchana ule.

Kazi ilikuwa hivi. Mara tatu kwa siku tulikaa barazani tukayatazama mawimbi mia moja yanavyopita kwenye nguzo. Darubini ilikuwa moja. Nyambura alishika saa ya kubonyeza na kupima upepo. Rosalia, aliyemaliza darasa la saba na ana mwandiko wa kupendeza, aliandika. Mimi ndimi niliyekuwa na macho ya mbali, kwa hiyo nilishika darubini nikasoma.

"Juu kumi na nne, chini tisa."

"Nimeandika."

"Juu kumi na tatu, chini kumi."

"Nimeandika. Hilo dogo, maskini."

"Mama Atieno, usiyahurumie mawimbi," Nyambura akasema. "Andika tu."

"Nani ameyahurumia? Nimesema dogo."

Siku kumi na mbili. Sijawahi kukaa siku kumi na mbili na mwanangu hivyo, bila moto wa kupuliza wala mtu wa kumpimia. Mchana Rosalia alilalamika juu ya ugali. "Wali asubuhi, wali mchana, sima yao laini kama uji. Nikirudi Kaloleni nitalala na mwiko." Bi Mwanakombo akamwambia, "Bibi wa ziwani, mbona hujaingia majini hata kidole?" Siku ya tisa akaingia, mpaka magotini, kanga tatu amejifunga, ameshikwa huku na huku. Wimbi moja likampiga tumboni. Alipiga kelele kwa Kijaluo, na Nyambura akapaza sauti kutoka barazani, "Hilo lilikuwa la ngapi?"

Tuliporudi, nilipakata yale madaftari mapajani njia nzima. Basi halikuharibika. Nilidhani safari imekwisha.

Soko la Jericho

Haikuwa imekwisha. Wiki ya kwanza Nyambura alirudi nyumbani kimya. Wiki ya pili alianza kuongea peke yake. Mawimbi ya kompyuta yalikuwa mafupi kuliko yetu, siku zote kumi na mbili. Alitafuta kosa kwenye kadi zake, moja baada ya nyingine, hakuliona. Karatasi za milia zikanijia kwa mafungu.

Nilimwuliza atafanyaje. Akanieleza kwamba sakafu ya bahari ina mchanga na matumbawe, na wimbi likipita juu yake husuguliwa likachoka. Kuna namba moja ya huo msuguano. Ukiipunguza, wimbi halichoki, linafika likiwa refu. Basi akaipunguza. Akaipunguza tena, mpaka mawimbi yakalingana. Nilimwona amefurahi nami nikafurahi. Kesho yake akarudi macho mekundu.

"Daktari amesemaje?"

"Ameniuliza sakafu ya Msambweni ni kioo? Anasema kwa namba ile hakuna mchanga, hakuna jiwe, hakuna nyasi. Nimeilazimisha kompyuta ikubali. Amenipa siku kumi nimwonyeshe kosa liko wapi, la sivyo anapeleka jina la mwingine." Akakaa kitandani. "Mami, labda mimi sijui hesabu. Labda nilikuwa najidanganya tu."

Maneno hayo yaliniumiza, maana tangu akiwa mdogo Nyambura hakuwahi kusema hajui.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa sokoni. Alikuja mteja, Kageha wa Mbotela, mwenye kucheka sana. Nikampimia kama kawaida.

"Kwa nini watu wavuke Jogoo Road kuja kwa Mama Nyambura?" akasema. "Wengine wanapitisha kijiti juu ya gorogoro mpaka inakuwa kama meza. Huyu anajenga mlima!"

"Huyu?" Rosalia akadakia, anapepeta omena zake. "Huyu angepimiwa bahari angeiwekea..."

Hakumaliza. Ungo ukabaki hewani. Mimi nilikuwa na konzi ya maharagwe juu ya kopo, nayo ikabaki pale.

Tukatazamana. Kageha akauliza, "Kwani kuna nini?"

Wenzangu, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokata. Ile nguzo ilikuwa na mistari. Wimbi likisimama juu ya mstari, hakuna neno. Lakini mengi yalisimama kati, na mtu anayesoma lazima aamue: mstari wa chini au wa juu? Mimi nilitoa wa juu. Kila mara. Na wimbi likiwa dogo sana, mkono wangu, yaani mdomo wangu, ulikuwa ukiliongeza mstari mzima, kama unavyomwongeza mtu aliyekuja na senti chache na watoto wengi. Sikuwa nimeamua. Miaka kumi na minne sijampa mtu kopo la kupigwa kijiti, na bahari nayo nilikuwa nimeipimia hivyohivyo.

"Na chini?" Rosalia akanong'ona.

"Chini sikugusa. Nani anajaza chini ya gorogoro?"

Tulifunga meza kabla ya saa sita. Kageha hakupata hata chenji yake, alikuja kuichukua Jumatatu.

Jericho hadi chumba cha kompyuta

Nilimwambia Nyambura nikiwa nimesimama mlangoni, sikuweza kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kila mara?"

"Madogo zaidi. Makubwa yalijitosheleza."

Aliweka penseli chini, akatoka nje, akasimama pale bombani akiwa amenipa mgongo. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimpisha. Mimi na Rosalia tulibaki ndani kama watoto waliovunja chungu. Aliporudi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Mami, nikimwambia Daktari, atasema vipimo vyote ni vya kutupa. Mawimbi elfu tatu na mia sita. Siwezi kurudi Msambweni, siku zimebaki tisa."

"Usimwambie basi," Rosalia akasema. "Punguza kidogo kidogo, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nimeshajaribu kudanganya na mchanga, unaona nilipofika." Akanigeukia. "Jumatatu utakuja na mimi."

Nilivaa nguo ya kanisani. Rosalia akaja, hakuna aliyemwalika. Daktari Ogutu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia kosa ni langu, mtoto hana hatia, hesabu yake ni nzuri. Nilingoja acheke au akasirike. Akauliza, "Mama, gorogoro yako kilima chake huwa sawa kila siku?"

"Kwa watu wote?"

"Kwa mtu wa aina moja."

Nikafikiri. "Mkono ni uleule."

Akasimama, akaenda kutafuta fimbo ya ufagio. Akaipaka mistari kwa kalamu nyekundu, akaisimamisha mwisho wa ukumbi, akabana kibanio cha nguo. Alikuwa akikishusha, anakipandisha, mimi nasoma kwa darubini kutoka upande wa pili, na Nyambura anaandika nilichosema kando ya kilicho kweli. Wanafunzi waliokuwa wakipita walisimama kutazama.

Nilisoma thelathini bila kukosea hata moja. Daktari akakuna kichwa.

"Mama, sasa unasoma kama askari. Soma kama ulivyosoma siku ile."

"Nimesahau nilivyosoma. Sasa najua mnanitazama."

Tukakwama hapo. Kosa lenyewe nililitaka, nalo halikuja. Nyambura aliegemea ukuta akafumba macho. Ndipo Rosalia akafunga leso yake vizuri kiunoni, akaenda akasimama kando ya ile fimbo, akalegeza uso kama mtu aliyeamka na njaa.

"Mama Nyambura, mpenzi. Habari ya asubuhi. Nimetoka Kaloleni kwa miguu. Baba Atieno hajalipwa na watoto wako nyumbani. Nipimie tu unachoweza."

"Acha upuzi," nikasema, lakini nilicheka.

"Nipimie, dada. Hata kidogo."

Daktari akasogeza kibanio. "Juu tisa, chini saba," nikasema. Akasogeza tena. Rosalia akazidi kulia njaa, akataja watoto ambao hakuwahi kuwazaa, akamgombeza Daktari kwa Kijaluo kwamba anachelewesha foleni, naye Daktari akamjibu kwa Kijaluo hichohicho, na mimi nikaendelea kusoma nikicheka mpaka darubini ikaloa. Tulifanya mia mbili. Nyambura alipolinganisha, akapiga yowe.

Nilikuwa nimelirudia kosa langu la Msambweni. Wimbi la chini ya mistari mitatu nililipa mstari karibu mzima. La katikati, nusu. Refu, hakuna. Kila mara, mkono uleule. Daktari alipitia ile karatasi taratibu. "Kosa linalojirudia hivi," akamwambia Nyambura, "unaweza kulitoa. Lakini utaliandika kwenye kazi yako wazi, na fimbo hii, na ukumbi huu, na jina la msomaji."

Siku tatu zilikwenda kutoboa kadi. Ya nne sanduku likaenda dirishani. Ya tano nilikuwa nimekaa benchi la nje ya chumba cha kompyuta na Nyambura. Mhudumu akasukuma karatasi dirishani. Mawimbi ya bahari yalichapwa kwa nyota, ya kompyuta kwa duara, na mimi nisiyejua Kiingereza niliona mwenyewe: nyota na duara zilikwenda pamoja, zinapanda pamoja, zinashuka pamoja. Palipoachana ni siku mbili za bamvua tu. Namba ya mchanga ilikuwa imerudishwa ilivyo.

Nyambura aliikunja ile karatasi. Alilaza kichwa begani kwangu kama mtoto, mbele ya wanafunzi wote.

Baraza lililogawa nafasi lilimwita. Daktari Ogutu ndiye aliyetusimulia, maana Nyambura mwenyewe hakumbuki. Mzee mmoja alimwuliza, huyu aliyesoma mawimbi ni nani? Akajibu, "Ni mama yangu." Ana ujuzi gani? "Anauza maharagwe Jericho," akasema, "na kosa lake tumelipima." Wakatazamana. Wakaendelea na maswali ya hesabu, na hayo aliyajibu yote. Jina lake likaenda.

Tulimsindikiza Januari, gari mbili za jumuiya, wengi wenu mlikuwemo mkiimba. Hamkujua nilikuwa nalia nini. Amekaa kwenye bahari za watu miaka mingi sasa, anarudi, anaondoka. Bi Mwanakombo alitutumia salamu mpaka alipofariki. Daktari Ogutu alistaafu akaenda kwao Siaya.

Na kila nilipoanza kusimulia haya, hata nusunusu, Rosalia alikuwa akinikatiza. Eti haikuwa siku ya tisa alipoingia majini, ilikuwa ya saba. Basi halikufia Mtito, lilifia Kibwezi. Okeyo hakuwa binamu, alikuwa mjomba. Nilikuwa nikimkasirikia, tukigombana mpaka chai ikapoa. Mwaka jana tulimzika, na sasa ninasema chochote na hakuna anayenikatiza, nyumba imekuwa kimya mno. Kwa hiyo nyinyi mliobaki, someni polepole. Mkiona siku si hiyo, au jina si hilo, au kuna mtu nimemsahau, msininyamazie kwa sababu ya uzee wangu. Nipigieni. Nikatizeni.